Fundi yuko Lahore, wewe uko Arusha: umpate wapi, umlipe vipi, muongee saa ngapi

Masika yakishika, barabara za hifadhini zikawa tope na ofisi ikamaliza wiki bila mgeni, ndipo sisi wenye kampuni ndogo za utalii Arusha tunapoikumbuka tovuti. Picha ni za mwaka juzi. Fomu ya kuomba bei inagoma kufunguka kwenye simu. Barua pepe za Wamarekani tunazijibu asubuhi, kumbe mwenyewe ameshajibiwa usiku na kampuni nyingine. Mafundi wa mjini wanaoziweza kazi hizo wana foleni. Unafungua mtandao, unakuta dunia nzima inatafuta kazi: Lahore ya Pakistan, Cebu ya Ufilipino, Kyiv, Buenos Aires, kila mmoja na nyota zake tano.

Nimefanya kazi na watu wa namna hiyo kwa miaka kadhaa. Wapo waliokuwa kama ndugu, na wapo waliochukua malipo ya awali wakaingia mitini. Wenzangu wakinijia huuliza, "Eti, Wapakistani na Wafilipino, wepi waaminifu?" Huwajibu kwamba hata fundi cherehani wa mtaani kwako, unayemjua mpaka mama mkwe wake, wiki ya Idi anakupiga kalenda. Nchi haikusaidii kuchagua. Jiulize hivi: kazi ikikwama, utajua baada ya siku ngapi? Njia zote ninazozilinganisha hapa nimezipima kwa swali hilo, bei nikaiweka nyuma yake.

Jukwaa au mkono kwa mkono

Majukwaa mawili ambayo wengi huanzia ni Upwork na Fiverr, na hayafanani. Upwork, iliyotokana na kuungana kwa Elance na oDesk, ni kama kuita mafundi nyumbani: unaeleza kazi, wanakuja ishirini wanataja bei, unachagua mmoja. Fiverr, iliyoanza Israeli mwaka 2010, ni kama duka la Kariakoo. Kila kitu kimeshapangwa kwenye rafu na bei yake, nembo bei hii, kurasa tano bei ile, unalipa unasubiri. Kama unajua unachotaka mpaka rangi, duka linatosha. Kama kazi yenyewe bado haijakukaa sawa kichwani, ita mafundi. Yale mazungumzo ya kabla ya bei ndiyo yanayokuonyesha nani amesoma maelezo yako na nani amebandika jibu lilelile analowabandikia wote.

Fiverr hukata asilimia 20 ya anachopata mfanyakazi, na mnunuzi naye huongezewa asilimia 5.5 juu ya bei. Upwork nayo hukata pande zote mbili. Mfanyakazi si mjinga, makato hayo ameshayatia kwenye bei. Kwa hiyo mkikubaliana moja kwa moja, kwa WhatsApp na Western Union, nyote mnapata nafuu. Na nafuu hiyo ndiyo inayotuponza.

Makato yanakununulia kitu kimoja: pesa inashikwa na jukwaa kabla kazi haijaanza. Yeye anajua ipo, wewe unajua haijatoka. Mimi, katika kukwepa makato, nilimtumia nusu ya malipo mkononi mtu aliyesifiwa na rafiki. Wiki ya kwanza alijibu kwa aya nzima. Ya pili kwa neno moja moja. Ya tatu tiki ikabaki moja. Nilikubali kwamba nimepigwa siku ya ishirini na moja. Ningeipitisha kwenye jukwaa, kazi imekatwa hatua, yaani vipande vinavyolipwa kimoja kimoja, ya kwanza ikiwa ya siku tano, ningejua siku ya sita na pesa isingekuwa imemfikia.

Lakini jukwaa lina saa yake, na saa hiyo haijui kazi yako. Fiverr, mfanyakazi akishakabidhi, ukikaa kimya siku tatu oda inajifunga na inahesabika umeridhika. Upwork, kwa kazi ya hatua, inakupa siku 14, kisha pesa inatoka yenyewe. Kwa mtu anayeshinda ofisini, siku tatu ni nyingi. Kwa mtu aliyeko kaskazini mwa Serengeti na wageni, anatafuta mtandao juu ya jabali, siku tatu hazipo. Ukirudi siku ya tano umeshapokea nembo yenye jina la kampuni lililokosewa herufi. Mwezi wa saba hadi wa kumi, kama mwenyewe ndiye dereva na ndiye bosi, usiagize kitu cha siku tatu. Vinginevyo mwachie mtu wa ofisini ruhusa ya kuingia na kukikagua.

Jambo jingine la kujua mapema: Upwork hairuhusu kumtoa mtu jukwaani mkalipane nje mpaka ipite miaka miwili tangu mlipokutana, labda ulipie ada ya kumtoa. Ninaowaamini niliendelea nao ndani mpaka muda huo ukaisha. Haikuniuma, maana mtu unayemlipa nje mwezi wa kwanza hujamjua bado.

Kuna na njia ya tatu, ya wakala, yaani kampuni ya kule yenye mafundi wake na meneja anayezungumza nawe. Bei iko juu, mtu mmoja akiugua wanamweka mwingine, na meneja ana Kiingereza cha kupendeza. Shida ni kwamba anayefanya kazi humwoni, na maneno yako yanapita midomo miwili kabla ya kumfikia. Kwa mfumo mzima wa kuhifadhi nafasi na malipo ya kadi, sawa. Kwa fomu moja, hapana.

Kuhusu kodi, kwa kifupi: Tanzania malipo ya huduma kwa asiye mkazi yanakatwa kodi ya zuio (unayoikata wewe mlipaji kwenye malipo) ya asilimia 15, na Kenya ada za kitaalamu kwa asiye mkazi ni asilimia 20. Mwulize mhasibu wako kabla hujakubaliana bei, siyo baada.

Kwa saa au kwa hatua

Kwa saa, kwenye Upwork, mfanyakazi huwasha programu inayogawa saa katika vipande vya dakika kumi kumi na kupiga picha ya kioo chake. Wiki inafungwa Jumapili usiku wa manane kwa saa za UTC, ambazo kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, na una mpaka Ijumaa kuzipinga saa usizozielewa. Watu wengi huona hilo ndilo salama zaidi kwa sababu wanaona mtu anafanya kazi. Mimi sioni hivyo. Picha inakuonyesha kwamba amefungua ukurasa wa fomu, haikuonyeshi kwamba amekwama kwenye fomu. Unaweza kulipa saa kumi za mtu anayehangaika kwa uaminifu kabisa.

Kwa hatua, unalipia kitu kinachoonekana. Hapa nilikosea kwa namna ambayo nadhani wengi hukosea: niliweka hatua moja kubwa.

Ilikuwa fomu ya kuomba bei, na kijana alikuwa wa Lahore. Tulikubaliana wiki moja. Siku ya tano nikamwuliza imefikia wapi, akasema karibu inaisha. Siku ya saba, karibu. Siku ya tisa, "kesho, bosi". Nikaona haya ndiyo mambo ya fundi cherehani, ila sasa fundi ana kompyuta. Siku hiyo, badala ya kuuliza tena, nikamwandikia: nitumie kiungo cha fomu kama ilivyo sasa, hata kama imevunjika, niifungue kwa simu yangu.

Alichukua saa nzima. Kisha kiungo kikaja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia: jina, nchi, idadi ya watu, tarehe. Ukurasa wa pili ulikuwa na kisanduku kimoja kimeandikwa "Mzunguko wa Kaskazini" na kingine "Mzunguko wa Kusini", chini yake hamna kitu. Ndipo nikaelewa. Kwenye maelezo niliandika kwamba mgeni achague hifadhi kulingana na mzunguko, nikasahau kwamba mtu wa Lahore hana sababu ya kujua kwamba Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti ziko huku, na Mikumi, Ruaha na Nyerere ziko kule. Alikuwa amekwama tangu siku ya nne na anaona aibu kuuliza kitu ambacho nilikiandika kana kwamba kila mtu anakijua. Nilimpigia, tukaongea dakika kumi na mbili, na fomu ikaisha kesho yake, kweli kesho.

Tangu hapo nakata kazi vipande vya siku mbili au tatu, kila kipande kina kiungo ninachoweza kukifungua mwenyewe kwa simu, na siulizi tena "imefikia wapi". Swali hilo hata mimi nikiulizwa na mgeni gari likiwa gereji, jibu langu ni "karibu".

Kazi yenye mwisho (nembo, fomu, kurasa tano) iende kwa hatua. Kazi isiyo na mwisho (kujibu barua pepe, kurekebisha hiki na kile kila wiki) iende kwa saa, ila weka kikomo cha saa kwa wiki.

Saa zao na saa zetu

Kijana huyohuyo, mapema kabla ya mambo ya fomu, nilimwandikia kwa Kiingereza tuzungumze kesho saa 3. Kichwani mwangu ilikuwa saa tatu asubuhi. Yeye akasoma saa tisa alasiri, tena ya kwao. Nikakaa saa tatu kamili na chai yangu nikimsubiri, nikamsema moyoni. Saa saba mchana akapiga, nina ugali mkononi, sikupokea. Kwa siku nzima kila mmoja alimwona mwenzake hana adabu. Sasa naandika kwa tarakimu za saa 24 na majina ya miji: 09:00 Arusha, 11:00 Lahore. Tarehe pia, naandika "5 Juni", kwa sababu 5/6 kwa waliozoea utaratibu wa Marekani ni tarehe sita Mei.

Kwa saa zetu za Kiswahili, hali iko hivi:

| Mji | Arusha saa mbili asubuhi | Arusha saa nane mchana |
|---|---|---|
| Lahore | saa nne asubuhi | saa kumi alasiri |
| Mumbai | saa nne na nusu asubuhi | saa kumi na nusu alasiri |
| Cebu | saa saba mchana | saa moja usiku |
| Kyiv | saa moja au saa mbili asubuhi | saa saba au saa nane mchana |
| Buenos Aires | saa nane usiku | saa mbili asubuhi |

Kyiv ina majibu mawili kwa sababu Ulaya husogeza saa mwezi wa tatu na wa kumi. Marekani nao husogeza, tarehe tofauti. Sisi, Pakistan, India na Ufilipino hatusogezi.

Kwa kazi ya kujenga kitu, chagua aliye karibu na saa zako. Siku mnayopishana kwa saa mbili, swali la asubuhi linajibiwa asubuhi. Mkipishana kwa sita, swali moja linakula siku nzima, na fomu yenye maswali matano ni wiki imekwenda.

Kwa kujibu wageni ni kinyume. Mmarekani wa New York anakaa na mkewe baada ya chakula kupanga safari, saa mbili usiku. Majira yao ya joto, hapa Arusha ni saa tisa usiku, mbwa tu ndio macho. Cebu ni saa mbili asubuhi, dada amefika mezani na kahawa yake. Barua pepe inayojibiwa dakika ishirini baadaye, na mgeni bado kashika simu, ni barua tofauti kabisa na ileile ikijibiwa kesho. Kwa hiyo huyo simtaki karibu na saa zangu hata kidogo.

Sikukuu zao ziandike kwenye kalenda ya ukutani. Ramadhani tunaijua, ingawa Idi ya Pakistan inaweza kupishana na ya hapa. Diwali India kazi inalala. Ufilipino Alhamisi na Ijumaa ya Wiki Takatifu usimtafute mtu, na Krismasi yao inaanza kupigiwa nyimbo mwezi wa tisa.

WhatsApp, barua pepe, simu

WhatsApp ni ya kusalimiana na ya dharura. Maelekezo ya kazi ukiyaweka humo, baada ya wiki yamezikwa chini ya picha na voisi, na kila mtu atakumbuka lake. Maelekezo yakae sehemu moja iliyoandikwa: waraka wa pamoja wa Google, au Trello (ubao wa kazi wa mtandaoni), au ujumbe wa ndani ya jukwaa, ambao pia ndio ushahidi pekee jukwaa litakaousoma mkigombana. Voisi, tafadhali, hapana. Kiingereza changu cha Arusha na chake cha Lahore kwenye voisi yenye bodaboda nyuma ni mtihani kwa wote wawili. Kinachonisaidia kuliko vyote ni kurekodi kioo cha simu nikigusa fomu na kuonyesha inapogoma. Dakika moja ya video hiyo inashinda ukurasa wa maelezo.

Simu ya video mara moja kwa wiki inatosha. Kila siku ni kumpotezea saa zake na kujipa moyo bure.

Kumpima kabla ya kumpa

Nyota tano kila mtu anazo. Mimi natoa kazi ndogo ya kulipwa, dola 20 hivi, kwa watatu kwa pamoja. Nilipotafuta mtu wa barua pepe niliwapa barua moja ya mgeni: familia ya watu wanne, siku sita, wanataka bei. Makusudi, barua haikutaja umri wa watoto.

Wa kwanza alileta jibu zuri mno, Kiingereza cha kuimbika, na bei. Wa pili vilevile, tena haraka zaidi. Wa tatu, dada wa Cebu, aliandika mistari mitatu tu, na mmoja ulimwuliza mgeni watoto wana miaka mingapi. Hifadhi zetu zina bei ya mtoto wa miaka 5 hadi 15, na chini ya hapo halipi, kwa hiyo bei ya wale wawili wa mwanzo ilikuwa ya kubuni. Alisema alisoma ukurasa wa viingilio kabla ya kujibu. Ninaye mpaka leo, kwa saa, saa ishirini kwa wiki. Kwa tovuti, ni yule wa Lahore, kwa hatua. Mpangilio huo ndio ningekushauri uanze nao kama kazi yako inafanana na yangu.

Kitu kimoja ambacho hakuna wa kupewa, hata awe ndugu: nenosiri lako. Mfungulie akaunti yake kwenye tovuti, ya mhariri na siyo ya msimamizi mkuu, na jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kampuni yako. Siku mkiachana unafunga mlango mmoja, hubadilishi makufuli ya nyumba nzima.

Akinyamaza

Desemba 2021 tulikuwa na wageni wa Krismasi na wapandaji wa Kilimanjaro, barua pepe zinamiminika, na dada wa Cebu akanyamaza. Siku ya kwanza, sawa. Siku ya pili nikaanza kumwazia mabaya. Siku ya tatu nikaifunga akaunti yake na kumwandikia ujumbe ambao sasa hivi sitaki kuusoma. Sikuwa nimefungua habari za dunia wiki nzima. Tarehe 16 kimbunga Rai, wenyewe wanakiita Odette, kilikuwa kimepita juu ya Cebu, kikaangusha nguzo za umeme na minara ya simu. Alipopata mtandao, kwa kupanda kilima na simu ya jirani, jambo la kwanza aliloandika lilikuwa kuomba radhi kwa kuchelewesha barua za wageni.

Baada ya hapo tuliandikiana utaratibu. Akiwa kimya saa 24 bila taarifa, naangalia habari za hali ya hewa ya kwao kabla ya kufanya lolote. Akiwa kimya saa 48, napiga namba ya dada yake, aliyonipa mwenyewe kwa hiari. Saa 72, kazi inahamia kwa mtu wa akiba ninayemlipa kidogo kila mwezi ili awe anajua barua zetu zinavyoandikwa. Nami nikampa namba ya mtu wa ofisini, ikiwa nitapotea mimi.

Tulicheka, nipotee niende wapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kuomba. Ukurasa ulifunguka robo, ukagoma. Bando lipo, mtandao hakuna. Sikuweza kumwambia chochote, na sikukumbuka kwamba saa zinahesabika upande wa pili.

Iliporudi nikakuta ujumbe wake kwa mpangilio uleule tulioandikiana. Wageni wote alikuwa amewajibu, na kila mmoja amemwambia kwamba ofisi ina tatizo la mtandao na bei kamili itafuata. Wiki iliyotangulia kimbunga Hidaya kilikuwa kimefika pwani yetu, naye alikisoma kwenye habari. Hakujua Arusha iko mbali na bahari. Ujumbe wa saa 24 uliuliza kama paa la nyumba yetu bado lipo.